R6 inayopanua kona: springi kwanza, jiometri baadaye

Pikipiki ni Yamaha YZF-R6 ya 2012, foki (miguu miwili ya springi ya mbele) na shokapu ya nyuma zikiwa zile zile za kiwandani. Dereva ana kilo 94 akiwa amevaa kila kitu: suti ya ngozi, helmeti, buti, glavu na kinga ya mgongo. Uwanja ni Kyalami, pale Midrand kati ya Johannesburg na Pretoria, kilomita 4.522 kwa mzunguko mmoja. Tairi ni za mbio, 120/70 mbele na 180/60 nyuma. Hiyo 180/60 iwekwe akilini, kwa sababu ndiyo sehemu ya kesi ambayo hakuna aliyeitilia maanani.

Malalamiko yalikuwa matatu. La kwanza: mwisho wa njia kuu, akikamata breki kuingia kona ya Crowthorne, foki inagonga chini, nyuma inainuka na kuyumba, na usukani unakuwa mwepesi mno, kana kwamba tairi la mbele linataka kukunjikia ndani. La pili: akitoka kona ya Leeukop na kufungua mafuta, pikipiki inapanua kona mpaka ukingoni mwa lami, hivyo inambidi asubiri. La tatu: hapo hapo, anapoanza kuteremka Mineshaft mafuta yakiwa wazi, usukani unatikisika kushoto na kulia.

Dereva alikuwa ameshajitibu. Kwa kuwa pikipiki "haigeuki", alipandisha mirija ya foki mm 8 juu ya klampu (vishikio vinavyobana foki kwenye usukani) ili mbele ishuke. Kwa kuwa foki inagonga chini, alikaza priloadi ya mbele (mkandamizo wa springi kabla haijabeba uzito) hadi mwisho na kufunga kompresheni (kizuizi cha foki inapozama), zikabaki kliki 2 tu, yaani hatua 2 za skrubu kabla ya mwisho. Nyuma ilikuwa "inamrusha", basi akafunga ribaundi (kizuizi cha springi inaporudi) hadi kliki 5 kutoka mwisho. Ukiitazama kila hatua peke yake, ina mantiki. Zikikutana zote zinazaa pikipiki yenye jiometri mbili: kali kupita kiasi kwenye breki, legevu kupita kiasi kwenye mafuta.

Milimita chache zinafanya nini

R6 hii hutoka kiwandani ikiwa na pembe ya kichwa (mlalo wa mhimili wa usukani kutoka wima) ya digrii 24, treili ya mm 97 na mm 1,375 kati ya ekseli na ekseli. Treili hupimwa chini, kwenye lami: ni umbali kati ya nukta ambayo mhimili wa usukani ungeigonga kama ungerefushwa hadi chini, na nukta ambayo tairi la mbele linakanyaga. Treili ikiwa ndefu, gurudumu hujinyoosha lenyewe na usukani huwa mzito. Ikifupishwa, pikipiki hugeuka upesi, lakini dereva hupoteza ule uzito mikononi unaomwambia tairi la mbele bado limeshika.

Kwa vipimo vya pikipiki hii, kila mm 10 za tofauti ya kimo kati ya mbele na nyuma huzungusha fremu nzima kwa takriban digrii 0.4, na treili hubadilika kwa takriban mm 2.5. Ni hesabu ya pembetatu tu: gawanya mm 10 kwa 1,375. Iandike kwenye daftari, itakuokoa na ubishi mwingi wa gereji.

Sasa lile tairi. R6 hutoka na 180/55 nyuma. Namba ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, kwa hiyo 180/55 ina ubavu wa mm 99 na 180/60 ina mm 108. Ekseli ya nyuma imepanda mm 9 bila mtu kushika spana. Hizo ni namba za ubavuni. Tairi za watengenezaji wawili zenye namba ileile zinaweza kupishana kwa milimita kadhaa, hivyo zungushia futi ya kamba katikati ya tairi lililojazwa upepo, pata mzingo, gawanya kwa 6.28, utapata nusu kipenyo halisi.

Jumlisha. Nyuma imepanda mm 9. Mbele, kwa kuwa foki imelala digrii 24, zile mm 8 za mrija zimeshusha fremu takriban mm 7.3. Jumla ni mm 16 na kidogo: pembe imekuwa kama digrii 23.3 na treili kama mm 93. Pikipiki yenye namba hizo ingepaswa kugeuka kwa wepesi sana. Mbona basi inapanua kona?

Kwa sababu namba hizo ni za pikipiki iliyosimama huku foki na shokapu zimenyooka zote mbili, hali ambayo uwanjani haipo hata kwa sekunde moja.

Kwanza ondoa ukakasi

Kabla ya kupima segi, yaani kudidimia kwa pikipiki kwa uzito, hakikisha kilichopo kinacheza kwa uhuru. Katika pikipiki hii mambo mawili yalikutwa, na yote yangeharibu kila kipimo kinachofuata.

Foki ilikuwa imebanwa kombo. Hutokea mtu anapofunga gurudumu la mbele haraka na kukaza boliti za kubana ekseli kabla miguu ya foki haijajipanga. Dawa yake: kaza ekseli yenyewe kwa torki ya kitabu cha huduma, acha boliti za kubana zikiwa zimelegea, shusha pikipiki kutoka kwenye stendi, kamata breki ya mbele na usukume usukani chini kwa nguvu mara nne au tano. Mguu wenye boliti utajisogeza wenyewe mahali pake. Ndipo ukaze boliti.

Nyuma, beringi za linki (viungo kati ya shokapu na mkono wa nyuma) zilikuwa kavu. Linki hukaa chini ya pikipiki, ambako maji ya kuoshea kwa presha huondoa grisi yote. Ilifunguliwa, ikasafishwa, ikapakwa grisi isiyopenya maji. Mnyororo nao ulikuwa umekazwa mno. Hili watu hulipuuza. Mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, unapopanda, ekseli huzidi kuwa mbali na sproketi ya mbele mpaka vitu vitatu, yaani sproketi ya mbele, kitovu cha mkono na ekseli, viwe kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo mnyororo unapokuwa umenyooka kuliko popote. Kama umeukaza pikipiki ikiwa juu ya stendi bila kuacha ulegevu wa kutosha, shokapu itafika nusu ya mwendo wake na kuzuiwa na mnyororo, nawe utalaumu kompresheni.

Beringi za usukani zilikaguliwa kwa kuinua mbele na kusukuma usukani kwa kidole kutoka upande hadi upande. Hazikuwa na kigugumizi katikati wala mchezo wa mbele na nyuma. Ingekuwa vinginevyo, kazi ingesimama hapo.

Segi: soma tofauti

Segi ni kiasi ambacho pikipiki inadidimia kwa uzito. Ziko mbili: ya pikipiki peke yake, na ya pikipiki ikiwa na dereva aliyevaa na kukaa mkao wa mbio. Kazi inataka watu watatu: dereva, wa kushikilia, wa kupima. Nyuma, weka alama ya tepu kwenye kava la mkia, wima juu ya ekseli, upime kutoka ekseli hadi alama. Mbele, pima sehemu ya mrija mng'avu inayoonekana kati ya sili na chini ya foki.

Usipime mara moja. Chukua kipimo cha kwanza gurudumu likiwa hewani. Kisha kandamiza pikipiki, iachie ipande taratibu, pima. Kisha iinue kidogo, iachie ishuke taratibu, pima. Wastani wa hivi viwili ukiuondoa kwenye kile cha kwanza ndiyo segi. Pengo kati ya hivyo viwili ni msuguano: mbele ulikuwa mm 14 kabla ya kupanga ekseli, mm 6 baada yake. Mtu akikwambia segi yake bila kusema alipimaje, namba hiyo ina shaka ya ukubwa huo huo.

Vipimo vilitoka hivi. Nyuma: peke yake mm 11, na dereva mm 43. Mbele, priloadi ikiwa mwisho: peke yake mm 14, na dereva mm 33.

Kwa pikipiki ya uwanjani ya aina hii tunatafuta, na dereva, mm 28 hadi 33 nyuma na mm 33 hadi 37 mbele. Peke yake, mm 5 hadi 10 nyuma na mm 18 hadi 25 mbele. Mwanzoni nyuma inaonekana kama tatizo la priloadi tu: 43 ni nyingi, kaza mpaka ifike 32. Ilikazwa. Segi ya dereva ikawa 32, na segi ya pikipiki peke yake ikawa sifuri.

Hapo ndipo kesi ilipofunguka. Toa 11 kwenye 43, unapata 32. Toa 0 kwenye 32, unapata 32. Priloadi haikuigusa tofauti hiyo na haiwezi kuigusa, kwa sababu tofauti ni uzito wa dereva ukigawanywa kwa ugumu wa springi. Kukaza priloadi hakufanyi springi iwe ngumu; kunasogeza tu mahali inapoanzia. Watu wengi sana wanakaza ule mduara wa shokapu wakidhani wanaongeza ugumu. Springi inayodidimia mm 32 kwa dereva huyu imetengenezwa kwa mtu mwepesi kuliko yeye, na hakuna spana itakayobadilisha hilo.

Segi sifuri ina gharama yake. Gurudumu la nyuma halina nafasi ya kushuka. Dereva akikamata breki na uzito ukakimbilia mbele, shokapu hunyooka hadi kikomo papo hapo, tairi linaachia lami, na nyuma inayumba. Ndiyo sababu priloadi ilirudishwa ilikokuwa mpaka springi mpya ifike, pikipiki isije ikaendeshwa vile.

Springi

Nyuma iliwekwa springi ya kilo 10.5 kwa milimita. Baada ya kurekebisha priloadi: peke yake mm 5, na dereva mm 32. Tofauti imeshuka kutoka 32 hadi 27. Mtu angeweza kwenda 11.0, na kwa dereva mwenye kasi zaidi huenda ingefaa, lakini kwa huyu 10.5 inatosha: springi ngumu mno huondoa mshiko wa nyuma kwenye kona za polepole, na hapo huna namna nyingine ila kufungua kompresheni yote.

Mbele, springi za kilo 1.0 kwa milimita kila mguu, na priloadi ikalegezwa karibu nusu ya mwendo wake. Vipimo: peke yake mm 18, na dereva mm 35. Angalia jambo hili: segi ya dereva imeongezeka kwa mm 2 kuliko zamani, ingawa springi ni ngumu zaidi. Pikipiki imekaa chini kidogo inapotembea kawaida, lakini kwenye breki inazama kidogo kuliko zamani. Ile priloadi iliyokazwa hadi mwisho ilikuwa inafanya kinyume: juu mwanzoni, kisha foki inaporomoka yote.

Mafuta ya foki yalibadilishwa kwa wakati mmoja, uzito ule ule wa kitabu cha huduma, lakini kimo kikapandishwa mm 5. Kimo hupimwa springi ikiwa imetolewa na mrija umesukumwa chini kabisa, kuanzia ukingo wa juu hadi uso wa mafuta. Nafasi ya hewa iliyobaki juu ni springi ya pili: mwanzoni mwa mwendo haina nguvu, theluthi ya mwisho inakuwa kali. Ukiona foki inagonga chini huku segi iko sawa na katikati ya mwendo inafanya kazi vizuri, ongeza mafuta mm 5 kabla ya kununua springi nyingine. Usiongeze mm 15 kwa mkupuo. Foki itafika mahali ikagoma kama ukuta, na tairi la mbele litarukaruka kwenye breki.

Jiometri ikiwa kwenye mwendo

Foki hii ina mwendo wa mm 115, nyuma mm 120. Ukifunga zipu tai kwenye mrija wa chini wa foki na kuisukuma hadi kwenye sili, itakuonyesha foki ilifika wapi. Nyuma, pete ya mpira kwenye fimbo ya shokapu hufanya kazi hiyo. Zidisha takriban mara mbili kupata mwendo wa gurudumu, kwa kuwa linki ya R6 iko karibu na uwiano huo. Zote mbili zinakupa kilele tu. Bonde moja la lami linaweza kuwa ndilo lililoisukuma pete, si mafuta ya kutoka kona.

Kabla ya springi mpya zipu tai ilifika mwisho kabisa, na pete ilionyesha mm 37, yaani karibu mm 75 kwenye gurudumu. Weka namba hizo kwenye hesabu ya pembetatu. Crowthorne, foki imezama yote na nyuma imenyooka: pembe inaanguka hadi kama digrii 19 na treili hadi kama mm 68. Kutoka Leeukop, mbele imenyooka na nyuma imeketi: pembe inafunguka hadi kama digrii 26 na treili mm 110. Katika mzunguko mmoja, dereva yule yule anaendesha pikipiki ambayo treili yake inatembea mm 42.

Zile mm 8 za klampu zilikuwa na thamani ya takriban mm 2 za treili. Linganisha na 42. Alipokuwa akitoka Leeukop hazikumsaidia chochote, kwa sababu springi laini ya nyuma ilikuwa imezila zote na zaidi. Zilipofika Crowthorne zilimwongezea balaa.

Baada ya springi mpya, mirija ya foki ikarudishwa kwenye kimo cha kiwandani. Zipu tai sasa ilibakiza mm 10, na pete ilionyesha mm 30, yaani mm 60 kwenye gurudumu. Treili kwenye breki ni kama mm 71, kwenye mafuta kama mm 107. Safari yake imepungua kutoka 42 hadi 36, na hiyo ndiyo maana ya pikipiki "kutulia" ambayo watu huisema bila kuweza kuieleza.

Mshituko wa usukani pale mwanzo wa Mineshaft ulikuwa na chanzo hicho hicho. Kilima kinaisha, mafuta yako wazi, nyuma imeketi, gurudumu la mbele linagusa lami kwa uzito mdogo sana huku kompresheni imefungwa hata haliwezi kufuata mawimbi ya lami. Likigusa tena likiwa limekaa kombo kidogo, linajirusha kurudi katikati, linapita, linarudi. Dereva aliyening'inia kwenye usukani kwa mikono migumu anaongeza kila tikisiko. Dampa ya usukani (kifaa cha kuzuia usukani usitikisike) ingeuficha mtikisiko huu, si kuuponya. Iwepo, ndiyo, lakini ifunguliwe wakati wa kupanga ili usikie ukweli.

Kliki

Ugumu wa springi ukishabadilika, namba za zamani za kliki hazina maana. Springi ngumu hutunza nguvu nyingi zaidi na hutaka ribaundi zaidi ya kuirudisha polepole. Kompresheni kinyume chake: springi inabeba uzito, kwa hiyo kompresheni hupumzishwa kazi ambayo haikuwa yake.

Hesabu kliki daima kutoka mwisho wa kufunga. Funga taratibu hadi ikome, usilazimishe, sindano ya ndani hukatika kingo. Kisha fungua ukihesabu.

Mbele, ribaundi ilitoka kliki 14 hadi 10. Kompresheni ya mwendo mdogo ilitoka 2 hadi 11. Kompresheni ya mwendo mkubwa ikawekwa raundi 2 na robo. Hayo maneno "mwendo mdogo" na "mwendo mkubwa" hayahusu kasi ya pikipiki. Ni kasi ya fimbo ndani ya mrija. Kukamata breki kwa kilomita 240 kwa saa ni mwendo mdogo, maana foki inazama kwa utaratibu. Kupanda juu ya ukingo wa rangi kwa kilomita 60 ni mwendo mkubwa. Dereva anayesema "foki inazama mno kwenye breki" anazungumzia kirekebisho cha kwanza. Anayesema "inanigonga mikononi" anazungumzia cha pili.

Nyuma, ribaundi ilifunguliwa kutoka 5 hadi 11. Ilikuwa ndiyo kosa la kimya kuliko yote. Ikifungwa mno, shokapu ikikandamizwa na wimbi la kwanza haiwahi kurudi kabla ya wimbi la pili. Inashuka ngazi kwa ngazi na kubaki chini. Dereva anahisi ulaini, anakaza kompresheni, mambo yanazidi. Njia ya haraka ya kuhisi: kandamiza kiti kwa nguvu, achia. Kinatakiwa kurudi kwa mkupuo mmoja wa utulivu, bila kuruka na kupitiliza, na bila kujivuta. Kwa pikipiki ya uwanjani, kurudi kwa muda wa kama sekunde moja ni mwanzo mzuri. Kutoka hapo ni tairi na mzunguko vitakavyosema.

Namba hizi ni za pikipiki hii, yenye mafuta haya na vali zenye umri huu. Atakayezinakili kwenye R6 nyingine amenakili nafasi za skrubu tu.

Uwanjani, jambo moja kwa mara moja

Tairi ndiyo springi ya kwanza, kwa hiyo presha ilishughulikiwa kabla ya kliki yoyote. Kwa tairi hizi: bar 2.3 mbele na 1.9 nyuma, zikipimwa zikiwa za moto, ndani ya dakika ya kwanza baada ya kuingia piti. Aina nyingine ina jedwali lake, na jedwali la mtengenezaji linashinda maoni ya jirani wa tenti. Ukipima asubuhi kwenye baridi ukaiacha hivyo mchana kutwa, presha ya moto itakuwa imepanda vya kutosha kubadilisha tabia ya pikipiki, nawe utakuwa umegeuza skrubu tatu bila sababu.

Kila mzunguko wa majaribio ulikuwa na badiliko moja, na badiliko kubwa la kusikika: kliki 3, si kliki 1. Ukigeuza kliki 1 dereva wa kawaida hasikii kitu, anajaza hisia zake kwenye pengo. Geuza 3, asikie ama nafuu au madhara, kisha rudi nusu. Mtu wa daftari akaandika saa, joto la lami, presha ya kuingia, alipofika zipu tai na neno moja la dereva kwa kila kona. Muda wa mzunguko uliandikwa pia, lakini haukutumika kuamua; dereva anapojifunza kuamini pikipiki hupunguza muda hata pale mpangilio unapokuwa umeharibika kidogo.

Kwenye kipindi cha kwanza, Crowthorne ilinyooka mara moja. Foki haikugonga, nyuma iliinuka kidogo ila haikuyumba. Mshituko wa Mineshaft ulibaki tikisiko moja dogo. Kutoka Leeukop alifungua mafuta mapema, lakini bado alihisi nyuma inaketi kwa upole ule ule kuelekea mwisho wa kona. Kompresheni ya nyuma ya mwendo mdogo ikafungwa kliki 3. Nafuu, ila kipindi kilipokaribia mwisho tairi la nyuma lilianza kuteleza. Ikarudishwa kliki 1, ikabaki hapo.

Kulikuwa na kishawishi cha kubadilisha gia ili kutibu kuketi huko. Si wazo baya. Sproketi kubwa ya nyuma hubadilisha pembe ya mnyororo, na mnyororo unapovuta husaidia kuusukuma mkono wa nyuma ushuke, yaani kuizuia pikipiki isiketi. Shida ni kwamba unabadilisha vitu viwili pamoja, gia na urefu wa mnyororo, na urefu wa mnyororo unahamisha ekseli. Ukisogeza ekseli nyuma mm 10, umerefusha pikipiki mm 10, umeongeza uzito wa mbele na umelaza zaidi mkono. Kwa dereva ambaye ndiyo kwanza ameanza kuielewa pikipiki yake, hilo lilisubirishwa.

Badiliko la mwisho la siku ndilo lile lililokuwa la kwanza kwa dereva: klampu. Kwenye zile kona mbili za kupokezana, kushoto na kulia, alisema usukani ni mzito kidogo kuliko alivyozoea. Mirija ikapandishwa mm 3, yaani chini ya mm 1 ya treili, huku pikipiki ikiwa juu ya stendi ya kuinulia kwenye kichwa cha fremu. Klampu zote mbili zilegezwe, mguu mmoja mmoja, vipimo vilingane pande zote kwa kalipa na si kwa macho, kisha zikazwe kwa torki ya kitabu. Klampu ya chini ikikazwa kupita kiasi hubana mrija wa nje na foki hupata kigugumizi hapo hapo.

Mm 3 zilitosha. Crowthorne haikubadilika, zipu tai ilibakiza mm 10 kama awali, na kupokezana kukawa kwepesi. Lau angeanza na hizo mm 3 siku ya kwanza, springi laini za zamani zingezimeza bila kuacha alama.

Mpangilio huu umefungwa na 180/60 iliyopo sasa. Dereva akirudi kwenye 180/55 kwa sababu ya bei au upatikanaji, nyuma itashuka mm 9. Kuirudisha kunataka washa ya karibu mm 4.5 chini ya kishikio cha juu cha shokapu, kwa kuwa linki itaizidisha mara mbili. Kabla ya kuikaza, hakikisha nyuzi za boliti zinatokeza upande wa pili wa nati, na zungusha gurudumu kwa mkono mkono wa nyuma ukiwa umenyooka kabisa, kuona kama mnyororo haukwaruzi kinga yake.